Chunusi Usoni, Woga Moyoni

Leo tuzungumze jambo ambalo wengi tunalionea haya: chunusi. Tena si chunusi zenyewe tu, bali na yale yanayompata moyoni mtu mwenye nazo.

Kwanza tuwekane sawa. Unapobalehe, homoni hufanya ngozi itoe mafuta mengi. Vitundu vya ngozi vikiziba, bakteria huongezeka humo, ngozi inavimba. Chunusi si uchafu. Wala si kweli kwamba dawa yake ni kufanya mapenzi. Anayekuambia hivyo ana lake jambo!

Sasa tuje moyoni. Mwalimu anauliza swali. Jibu unalo, lakini mkono haunyanyuki. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho. Unawaza, "Nikisimama wote watanitazama usoni." Basi unanyamaza, unapata nafuu. Lakini kesho woga unarudi na nguvu zaidi, kwa sababu hukujipa nafasi ya kuona kwamba ungesimama na usidhurike. Mwishowe unaacha mdahalo, unaacha mpira, hata picha ya darasa unaikimbia.

Ufanye nini? Jiulize: nahisi nini hasa? Ni aibu, ni woga, au ni hasira kwa kuwa nimetaniwa? Ukishajua, utajua pa kuanzia. Kama ni utani, mwambie mwenzako, "Hilo linaniumiza, naomba uache." Kama ni woga, anza kidogo: leo jibu swali moja, kesho jingine. Usingoje uso uwe laini kwanza.

Mkorogo je? Achana nao. Krimu zenye steroidi zaweza kuzidisha chunusi, na nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo. Nenda kituo cha afya. Dawa zipo, ila uwe na subira, kwani huchukua wiki kadhaa kufanya kazi.

Nawe usiye na chunusi, kumbuka: jina la utani unalompa mwenzako laweza kumnyamazisha muhula mzima.

Na kama huzuni haikuachii, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usikae nalo peke yako. Mwambie leo leo mwalimu wa ushauri nasaha, matroni, au ndugu unayemwamini.

Haya, mwenye swali anyooshe mkono.