MAHARAGE TUNAUZA, DAMU TUNAKOSA

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanaushirika, Titye. Tumeyaandika hapa ukutani ili asiyefika asome. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.)



Leo sitazungumza juu ya bei wala mbolea. Nitazungumza juu ya damu. Mtu asiye na damu ya kutosha hana nguvu ya kushika jembe, na ushirika wa watu wasio na nguvu utavuna nini?

Kwanza tujiulize: kazi ya damu ni nini? Damu inachukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Ili iweze kuibeba hewa hiyo, inahitaji madini ya chuma. Ndiyo, chuma, ndugu yake jembe, lakini kidogo sana, na kinatoka katika chakula. Chuma kikipungua, damu inakuwa nyepesi. Mtu anapanda kilima kidogo tu anahema, moyo unamwenda mbio, kichwa kinazunguka. Mtoto anasinzia darasani, tunasema ni mvivu. Siyo uvivu. Hebu vuta chini kope ya jicho lake utazame ndani. Tazama na ulimi na viganja. Kama pameupauka, mpeleke zahanati akapimwe damu.

Jambo hili siyo la watu wachache. Upimaji wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa umri wa miezi 6 mpaka miaka 5, watoto 58 walikuwa na upungufu wa damu. Katika kila wanawake 100 wa miaka 15 mpaka 49, walikuwa 45.

Sasa, damu inapotea wapi? Inapotea njia tatu.

Njia ya kwanza ni sahani. Watu husema damu inaletwa na nyama, na sisi nyama hatuna kila siku. Ni kweli chuma cha nyama, maini na samaki mwili hukipokea kwa urahisi zaidi. Lakini maharage yana chuma. Mchicha, matembele na kisamvu, yaani sombe yetu, vina chuma. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanacho. Tena mawese yana vitamini A, ambayo husaidia mwili kukitumia chuma hicho. Basi shamba letu siyo maskini. Ila wakati wa mavuno walanguzi wanafika na mizani, tunauza mpaka debe la mwisho, halafu nyumba inabaki na ugali wa muhogo na chumvi.

Hebu tupige hesabu, kama tunavyofanya darasani kwetu watu wazima. Nyumba ya watu sita ikipika nusu kilo ya maharage kwa siku, kwa siku 365 inahitaji kilo 182 na nusu. Hayafiki hata magunia mawili ya kilo 100. Magunia mawili, jamani! Hayo yawekwe kwanza, ndipo tuite mnunuzi.

Na kupika kuna namna yake. Kamulia limau kwenye mboga au maharage wakati wa kula, au mle chungwa, pera au embe. Vitu hivyo vinausaidia mwili kukipokea chuma cha mimea. Chai na kahawa vinafanya kinyume, vinakizuia. Sisi tunaolima kahawa tusiichukie, ila tusinywe pamoja na chakula. Tungoje kama saa moja baada ya kula. Mchicha usichemshwe mpaka ukafa, wala maji yake yasimwagwe. Sombe ni tofauti: itwangwe vizuri na ichemshwe sana, maana mbichi ina sumu. Mtoto akitimiza miezi 6, pamoja na kunyonya, apewe uji wenye unga wa dagaa na maharage yaliyopondwa. Chai ya rangi siyo chakula cha mtoto mchanga.

Wengine hununua soda nyekundu wakidhani wekundu wake utageuka damu. Rangi haiongezi damu. Na akina mama wajawazito wanaotamani udongo ule wa sokoni, msionee haya kusema. Tamaa hiyo mara nyingi ni dalili ya kukosa chuma. Lakini udongo wenyewe unazuia chuma kisiingie mwilini, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Mwambieni mganga wa zahanati.

Njia ya pili ni miguu. Minyoo ya safura inakaa tumboni ikinyonya damu usiku na mchana. Inaingiaje? Mtu anajisaidia shambani au migombani, mayai yanaanguliwa kwenye udongo wenye unyevu, na vitoto vya minyoo vinapenya ngozi ya anayepita bila viatu. Mwishoni mwa miaka ya 1890, mtaalamu Mjerumani, Arthur Looss, akifanya kazi Cairo, Misri, alimwagikiwa mkononi na maji yenye vitoto hivyo. Mkono ukawasha. Baadaye akakuta mayai ya minyoo hiyo katika choo chake mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba safura inapita kwenye ngozi.

Wazee wetu hapa wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wakikaa vikundi kusikiliza redio, kisha wakienda kuchimba vyoo. Watu wapatao milioni 2 walishiriki nchini. Ile kazi haikuisha mwaka ule. Choo cha mwaka ule kimekwisha jaa, na mjukuu naye anahitaji choo. Kila nyumba iwe na choo chenye mfuniko, watoto wavae viatu au ndala, na dawa ya minyoo inapotolewa shuleni, mzazi asimfiche mtoto.

Njia ya tatu ni mbu. Vijidudu vya malaria vinavunja chembe za damu zenyewe. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara hata ukimlisha vipi, damu inapungua. Chandarua ni cha kulalia. Siyo cha kufugia kuku wala kuzungushia bustani.

Wapo pia watoto wenye selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Hao wamezaliwa nayo. Hawakurogwa, na chakula peke yake hakitoshi. Wahudhurie hospitali.

Sasa neno langu kwa akina baba. Nyumba nyingi dagaa na kipande cha samaki huwekwa sahani ya baba, mama akabaki na mchuzi. Lakini nani anapoteza damu kila mwezi? Nani analisha kiumbe tumboni kwa damu yake? Mzigo wa mwenzio kwako kanda la usufi. Mama mwenye damu kidogo akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hana akiba, na anaweza kufa kabla ya gari kufika hospitali. Tena ndugu wakiitwa kutoa damu, wanapimwa kwanza, na wenye damu kidogo wanarudishwa. Damu ya kumwokoa mama lazima iwepo katika ukoo kabla ya siku ile.

Kwa hiyo mjamzito aanze kliniki mapema, mume amsindikize. Vidonge vya kuongeza damu avimeze kila siku kama alivyoelekezwa, hata vikimchafua tumbo kidogo. Choo kikiwa cheusi asiogope, ni chuma hicho. Na dawa za kuzuia malaria azimeze.

Napendekeza mkutano huu ukubali mambo matatu. Moja: kabla ya mauzo, kila mwanaushirika atenge maharage ya nyumba yake kwa hesabu ile. Mbili: wajumbe wa nyumba kumi wapite kukagua vyoo kabla ya mvua. Tatu: sahani ya mama mjamzito ipakuliwe kwanza.

Mkitoka hapa, mjadiliane nyumbani:
Maharage yetu yaliyobaki yatatufikisha mwezi gani?
Nani katika nyumba yetu anahema akipanda kilima?
Choo chetu kina mfuniko?

Asiye na jibu la kuridhisha aanze kazi kesho asubuhi.