Mwenye Kuonyesha Viti

Neno letu leo latoka katika Waraka wa Yakobo, mlango wa 2, mstari wa 1 hadi wa 9. Mwenye Biblia karibu na afungue.

Watu wawili waingia katika kusanyiko, tajiri na maskini. Tajiri, mwenye pete ya dhahabu, apewa mahali pazuri. Maskini aambiwa asimame, au aketi chini. Angalieni: katika kisa hiki Yakobo hamkaripii mwenye pete. Labda naye alikuja kuabudu tu. Anayekaripiwa ni mwenye kuonyesha viti.

Kazi hiyo niliifanya miaka mingi hapa Nakuru, mtaani Section 58. Jumapili moja tulikuwa na harambee ya kuezeka paa. Mheshimiwa alifika ibada ikiwa katikati, na watu wake sita. Nikamwendea mama mmoja mzee aliyeketi mbele, ambaye hufika mapema kwa sababu masikio yake ni mazito. Nikamnong'oneza, "Shosho, tafadhali sogea nyuma." Akachukua kitabu chake cha nyimbo, akaondoka bila neno. Paa liliezekwa. Mabati ni mazuri, sikatai.

Tarehe 12 Septemba 2021, huko Butere, siku Kasisi Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu Jackson ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alitangaza kwamba wanasiasa wakaribishwa kuabudu kama waumini wengine, lakini mimbara si yao. Nilifurahi. Hata hivyo, mimbara italindwa na maaskofu. Viti tumeachiwa sisi wa mlangoni, na ni nani atusikiaye tukinong'ona? Wala si kwa wanasiasa peke yao. Mwenye gari twamwita kwa jina. Msichana wa kazi aliyekuja naye, huu mwaka wa tatu, hatujamwuliza lake.

Nilikwenda kwa yule mama kuomba msamaha. Alinisamehe kabisa, akanipa chai, tukaomba pamoja. Lakini mbele hajarudi. Nikimsihi, hucheka tu, asema huko ni kwa wageni. Huketi karibu na mlango, na baada ya ibada huwauliza jirani zake mchungaji alisema nini.

Tuombe.