Asafishaye Kioo Naye Ale

Fungu letu leo ni Kumbukumbu la Torati 25, mstari wa 4, ambapo Musa anawaagiza Waisraeli wasimfunge kinywa ng'ombe anapopura nafaka.

Ninyi mkaao pwani mnamjua yule kiumbe wa miambani, mviringo kama chungwa, mwenye miiba pande zote, ambaye mtu akimkanyaga huchechemea. Tumwite nungu wa baharini. Wako watu, hasa Ulaya na Marekani, wanaomfuga sebuleni katika tangi la kioo lenye maji ya chumvi, pamoja na samaki wa rangi. Hawamweki kwa uzuri tu. Wanamweka afanye kazi. Kinywa chake kiko upande wa chini, kina meno 5, naye usiku huzunguka polepole akikwangua mwani uotao juu ya mawe na kioo. Asubuhi mwenye nyumba huiona njia safi alimopita, akafurahi.

Basi sikilizeni. Mwani ule anaouondoa ndio chakula chake. Akiifanya kazi vizuri mpaka kioo king'ae, hapo ndipo njaa yake inapoanza. Samaki mwenye njaa huja juu kumlaki anayemlisha. Nungu hana sauti, wala hamkimbilii mtu. Mfugaji mwangalifu humletea kipande cha mwani uliokaushwa. Asiye mwangalifu husema, "Huyu anajilisha mwenyewe," mpaka siku moja aone miiba imeanguka chini ya tangi kama sindano. Miiba ikidondoka kwa wingi, huwa amekwisha dhoofika sana.

Tena hawezi kuyarekebisha maji aliyomo. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila lita. Tangini maji hupungua kwa mvuke na chumvi hubaki, hivyo asipoongezewa maji yasiyo na chumvi, ukali huo humwingia mwilini naye hana jinsi ya kuuzuia. Hata dawa ya shaba, ambayo huwaponya samaki magonjwa yao, yeye humwua.

Wapendwa, ni nani nyumbani mwetu anayefanana na huyu? Twamfikiri binti aliyetoka kijijini kuja kutufanyia kazi. Mtume Paulo alipolitaja neno hili la ng'ombe katika 1 Wakorintho 9, alisema liliandikwa kwa ajili ya watu. Binti huyu huamka kabla ya wote, na hula baada ya wote, kile kilichobaki sufuriani. Watoto wakishiba na sakafu ikang'aa, twamsifu mama mwenye nyumba. Mshahara wake anaambiwa asubiri mwezi ujao, ingawa Torati 24:15 yasema apewe ujira wake kabla jua halijatua.

Na Jumapili je? Kutoka 20:10 inawataja mtumishi wa kiume na wa kike katika pumziko la sabato. Lakini ziko nyumba za Kikristo ambamo Jumapili ndiyo siku yake ya kazi nyingi kuliko zote, kwa kuwa wageni wa kanisani wanakuja kula. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mfanyakazi apate siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Ni aibu kidogo serikali kutukumbusha jambo tunalolisoma madhabahuni.

Mtu atasema, "Mbona hajalalamika?" Nungu naye hakulalamika. Aliye mbali na kwao, na ambaye kitanda chake na chakula chake viko mkononi mwetu, hulipima sana neno kabla ya kulisema.

Jioni ya leo, kabla ya sala ya jamaa, tumwite kwa jina lake. Tumwulize amekula nini leo, mama yake huko nyumbani ana hali gani, na kama anatudai mshahara wa mwezi wowote. Tusimwulize mbele ya wageni, maana atajibu kwamba yote ni mema.

Bwana awe nanyi.