Kambi Kando ya Lambo: Jihadhari na Kichocho

Ndugu msikilizaji wa Handeni na Korogwe, likizo ikifika, familia hubeba mahema na sufuria kwenda kupumzika kando ya lambo au Mto Pangani. Nendeni, watoto wafurahi. Ila msiingie majini.

Kwenye maji yaliyotulia, penye majani, huishi konokono wadogo. Hujishika chini ya majani yaliyolala majini. Ndani yao hutoka vijidudu vya kichocho, visivyoonekana kwa macho. Hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache, hata isiyo na kidonda. Mtoto hasikii kitu. Baadaye, anapomaliza kukojoa, inatoka damu. Ukisikia mtu anasema hiyo ni balehe, mkatalie. Ni ugonjwa, nao huharibu kibofu na figo.

Nasema tena: msiingie majini.

Maji ya kuoga yachemsheni, yapoe, ndipo muoge. Ya kunywa nayo chemsheni. Hema lisimame mbali na ukingo, maana Mto Pangani una mamba pia. Chimbeni choo mbali na maji. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya kichocho huanguliwa, vijidudu vinavyotoka huwaingia konokono, na ugonjwa unaanza upya.

Je, mwanao ameshaogelea lamboni? Mpeleke zahanati apimwe mkojo, hata kama anacheza vizuri. Mweleze mhudumu aliogelea wapi na lini. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na watoto wengi wameshaimeza shuleni. Ila akirudi majini, anaweza kuambukizwa tena.