Mwenye Kula kwa Siri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayewalisha viumbe wote na Yeye halishwi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, mliohudhuria msikitini na mnaotusikiliza majumbani mwenu, hapa Moshi mjini na huko juu mlimani, tunakuusieni, na tunaanza kwa kujiusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo tuna deni la kulipa. Katika mwezi mmoja wa Shaabani uliopita tulipanda mimbari tukasema juu ya ulafi. Tulieleza, na ni kweli, kwamba katika Sura ya Al-Aaraf Mola wetu ameturuhusu kula na kunywa akatukataza israfu. Na kwamba Mtume, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, amemwelekeza asiyetosheka na matonge machache aligawe tumbo lake mafungu matatu: moja la chakula, moja la maji na moja la pumzi. Laiti tungaliishia hapo. Tuliongeza la kwetu: tukamfanyia mzaha mtu asiyeweza kuuzuia mkono wake, na watu wakacheka.

Baada ya muda alitujia mama mmoja kutoka upande wa Machame. Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, alikuwamo msikitini siku ile, upande wa wanawake. Mama huyo alikuwa ameona kwamba kiburu kinachobakizwa usiku kwa ajili ya asubuhi hakionekani, na sufuria imeoshwa na kurudishwa mahali pake. Chini ya kitanda cha binti akakuta mifuko mitupu ya mikate. Alipomwuliza kwa upole, mtoto alilia akasema kwamba yeye ndiye yule mlafi aliyetajwa mimbarini. Tangu siku ile alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi bila ya kula daku, na siku nyingine akikataa chakula cha mchana, ili aivunje nafsi yake. Usiku, watu wakilala, aliingia jikoni akala kwa haraka, amesimama, gizani, asione ladha ya anachokila, mpaka tumbo likamwuma. Kisha alilia. Kesho yake alianza tena kujinyima, ili alipe ya jana. Wametupa ruhusa tuyasimulie haya bila ya kuwataja.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mlafi hukifurahia chakula chake na hukila mbele za watu. Huyu hana furaha yoyote katika kula kwake. Wala hatuzungumzi juu ya mtu aliyeshiba kupita kiasi siku ya Idd. Hilo humpata kila mmoja wetu, na pilau ina lawama yake. Tunamzungumzia mtu ambaye mara kwa mara hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, akihisi kwamba hawezi kujizuia, kisha akajichukia. Madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliyaandika haya kuwa maradhi yenye kujitegemea mwaka 2013, nao huyahesabu hivyo yanapotokea angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani nalo limeyaweka katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mwenye maradhi haya aweza kuwa mnene, aweza pia kuwa mwembamba, na kwa hiyo hatambulikani kwa kumtazama tu.

Asili yake ni nini? Huzuni imo, na wasiwasi, na kudharauliwa kwa ajili ya umbo. Sisi watu wa Kilimanjaro tumo katika kosa hili: mzazi aliyejifungua tunamlisha mtori mpaka tumsifu kwa kunawiri, na mwaka haujaisha tunamcheka kwa unene ule ule. Lakini lipo jambo moja ambalo wengi hawalidhanii, nalo ni njaa ya kujitakia. Katika miaka ya 1944 na 1945, kule Minnesota nchini Marekani, mtaalamu aitwaye Ancel Keys aliwafanyia uchunguzi wanaume 36 wenye afya, waliojitolea. Kwa miezi sita walipewa chakula kidogo mpaka wakapungua karibu robo ya uzito wao. Chakula kiliporudishwa, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema wana njaa. Watu hao hawakuwa walafi kabla ya hapo.

Kila aliyelelewa kihambani anaujua mfongo. Maji yake hupita kwa zamu, kila kihamba kikapata haki yake. Yakizuiwa huko juu kwa siku nyingi, kisha yakaachiwa kwa mkupuo, hubomoa kingo na kuchukua udongo, na migomba isinyweshwe.

Dini yetu haikumwamuru mtu kuuzuia mfongo wa mwili wake. Sahaba Abu Dardaa alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Salman alipomzuru alimtaka ale pamoja naye, akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki. Mtume alipohadithiwa alisema kwamba Salman amesadiki. Imepokewa na Bukhari. Tena Mtume amekataza kuunganisha saumu usiku na mchana, akahimiza kuharakisha kufuturu, na akaeleza kwamba katika daku mna baraka. Yule binti alikuwa akiikimbia baraka akidhani anajiadhibu kwa ajili ya Mungu.

Na sikilizeni hili alilolipokea Abu Daud. Watu walimlalamikia Mtume kwamba wanakula wala hawashibi. Akawauliza kama labda hula mbalimbali, wakakiri. Akawaamuru wakusanyike kwenye chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu, nao watabarikiwa. Si haramu kula peke yako. Sura ya An-Nur imeruhusu yote mawili. Lakini kwa maradhi haya upweke ni kuni juu ya moto.

Kwa hiyo mama yule tulimshauri, baada ya kumwomba radhi, kwamba nyumba yake ile kwa saa zinazojulikana, asubuhi, mchana na jioni, wote pamoja, na binti asiruke mlo hata kama usiku uliopita ameshindwa. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Sufuria zisifungiwe kabatini, na mwili wake usitajwe kwa wema wala kwa ubaya. Na aende hospitali, Mawenzi au KCMC, iliyoko hapa tangu mwaka 1971, aseme wazi linalomsibu. Kwani yako matibabu ya mazungumzo, ambayo mgonjwa hufundishwa kuitambua saa ya hatari na kinachoitangulia. Ikiwa mtu hujitapisha baada ya kula, asingoje, kwa sababu kutapika huko huharibu chumvi za mwili na huweza kuudhuru moyo.

Ramadhani inapokaribia, mwenye maradhi haya azungumze mapema na daktari wake na mwenye elimu ya dini. Sura ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa, na hapana aibu katika kuichukua ruhusa ya Mola. Anayefunga asiache daku, afuturu kwa tende na maji, asali Magharibi, kisha aketi na wenzake ale chakula cha kutosha. Tena wenye nyumba wasimhesabie sambusa mgeni wao.

Binti yule sasa hula mezani pamoja na nduguze. Ziko siku anazoshindwa, naye humwambia mama yake kesho yake asubuhi, wakanywa uji pamoja.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu Mtukufu msamaha kwa ajili yetu na yenu, na khasa kwa mzaha ule tuliousema katika Shaabani ile. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.