Uvivu Nao Una Watoto Wake

Ndugu msikilizaji, tangu utotoni tumefundishwa kwamba wivu, uroho na uvivu ni aibu. Leo naomba niwatetee kidogo washitakiwa hawa watatu.

Mwaka 1891 Almon Strowger, mfanyabiashara ya mazishi wa Kansas City, Marekani, alisajili mtambo wa kuunganisha simu bila mtu katikati. Usidhani alikuwa akiitakia mema dunia. Alishuku kwamba wahudumu wa simu walikuwa wakiwapeleka wateja wake kwa mshindani. Wivu wa biashara ukatuzalia simu ya kujipigia wenyewe.

Mwaka 1991 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichoka kuifuata kahawa na kukuta birika tupu. Wakalielekezea kamera, wakawa wanalichungulia wakiwa vitini. Uroho na uvivu vikaoana, na mwaka 1993 picha za birika zikaingia kwenye intaneti.

Cheka, msikilizaji, lakini ukimaliza kucheka pita jikoni. Mama anayepuliza kuni huku machozi yakimtoka naye amechoka, tena kwa miaka mingi kuliko wale wa kahawa. Hamu ya kupumzika anayo. Alichokosa ni karakana, fundi na fedha. Na akijinyoosha kidogo, twamwita mvivu!

Kumbe tamaa tunayo sote, ila uvumbuzi humfuata mwenye nyenzo. Siku mpishi atakapokabidhiwa nyenzo hizo, moshi utatafuta pa kwenda.