Mwasho Usiokwisha: Jinsi ya Kupima Dawa Kabla ya Kuimeza
Mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa Nanyuki na vitongoji vyake



Mazungumzo haya yanahusu mwasho unaorudi kila siku, wiki baada ya wiki, pamoja na mabaka mekundu yaliyovimba, na mara nyingine midomo na kope kufura. Yanahusu pia uamuzi unaomkuta mgonjwa siku anapoandikiwa dawa mpya: je, aimeze? Kwa muda gani? Na atajuaje kama inamfaa?

Chukueni mfano wa mwendeshaji bodaboda wa mtaa wa Likii. Ni mfano tu, lakini wapo watakaojiona ndani yake. Saa kumi na moja alfajiri, baridi ikiwa bado inashuka kutoka Mlima Kenya, anawasha pikipiki. Mji huu uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa saa hiyo unapenya hadi ndani ya koti. Akifika stejini mikono imejaa mabaka. Mchana yanapungua, jioni yanaibuka mgongoni. Kwa miezi kadhaa amekuwa akinunua Piriton kwenye duka la dawa. Usiku inamlaza, lakini mchana anasinzia akiwa na abiria kwenye barabara ya Timau. Kuna wakati alipewa vidonge vingine, akapona kabisa kwa siku tano. Vilipoisha, mabaka yakarudi. Sasa ameandikiwa dawa iitwayo ketotifeni. Jirani mmoja anasema dawa hiyo inanenepesha na kulaza watu. Mwingine anasema ilimsaidia mtoto wake. Karatasi ya daktari iko mfukoni na hajui amsikilize nani.

Kinachotokea mwilini

Ndani ya ngozi, puani, kwenye mapafu na tumboni kuna seli za kinga zinazoitwa seli za masti. Mwanasayansi Paul Ehrlich wa Ujerumani ndiye aliyezipa jina hilo mwaka 1878, alipoona kwa hadubini kwamba zimejaa chembe ndogondogo. Ndani ya chembe hizo mna kemikali, na inayojulikana zaidi ni histamini. Seli ikishtuliwa, hufungua akiba yake na kuimwaga. Histamini hupanua mishipa midogo ya damu na kuifanya ivuje maji, ndipo ngozi huvimba. Huamsha pia neva za ngozi, ndipo mtu hujikuna.

Kazi hiyo ni ya kulinda mwili. Shida huanza seli hizi zinapomwaga kemikali bila sababu ya maana, na mara kwa mara. Ugonjwa wa kawaida zaidi wa namna hiyo huitwa urtikaria. Mabaka yakiendelea kuja na kutoka kwa zaidi ya wiki 6, huhesabiwa kuwa urtikaria sugu. Upo pia ugonjwa adimu uitwao mastositosisi, ambapo seli za masti huwa nyingi kupita kiasi.

Wagonjwa wengi hutafuta chakula cha kulaumu. Huacha mayai, maziwa, nyama, hata chai, na mwasho haukomi. Katika urtikaria sugu, chakula si chanzo kwa wagonjwa walio wengi. Mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe inayozichokoza seli hizo. Ugonjwa huu hauambukizi, na haumaanishi kwamba mtu ni mchafu au amerogwa.

Kwanza ugonjwa ujulikane

Kabla ya kupima dawa, ni lazima kuwe na uhakika wa kinachotibiwa. Baka la urtikaria kwa kawaida halikai mahali pamoja zaidi ya saa 24. Linafifia, jingine linatokea kwingine. Baka linalokaa siku kadhaa, linalouma kuliko kuwasha, au linaloacha alama kama ya jeraha, linahitaji uchunguzi tofauti. Upele wa upele-ngozi unaowasha familia nzima usiku ni jambo jingine kabisa, na dawa yake ni nyingine.

Kwa mtu kama yule wa bodaboda, mhudumu wa afya anaweza kufanya kipimo rahisi: kipande cha barafu kilichofungwa ndani ya plastiki huwekwa kwenye mkono kwa dakika chache, kisha huondolewa. Baka likiibuka hapo ngozi inapopata joto, baridi yenyewe ndiyo kichokozi. Jibu hilo lina uzito mkubwa kwa watu wa eneo hili. Mtu mwenye urtikaria ya baridi akijitosa mtoni, kwenye maji yanayoteremka kutoka mlimani, mwili mzima unaweza kumwaga histamini kwa pamoja. Shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla, akapoteza fahamu akiwa majini. Hapo glavu, koti zito na kukaa mbali na maji baridi ni sehemu ya matibabu sawa na kidonge.

Daktari aulizwe pia kuhusu dawa za maumivu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzidisha mabaka kwa baadhi ya wagonjwa. Kuna mtu anayemeza dawa ya mwasho asubuhi na dawa ya mgongo jioni, asijue kwamba ya pili inabomoa kazi ya ya kwanza.

Ngazi ya dawa

Matibabu ya urtikaria sugu hupandwa kama ngazi. Daraja la kwanza ni dawa za kuzuia histamini za kizazi cha pili, kama setirizini na loratadini. Hizi hulaza kidogo kuliko Piriton, ambayo ni ya kizazi cha zamani na huingia kwenye ubongo kwa urahisi. Hutumiwa kila siku, hata siku ambayo ngozi ni safi, kwa sababu kazi yake ni kuzuia. Mtu anayemeza kidonge siku ya mwasho tu hajaipa dawa nafasi. Isipotosha baada ya wiki 2 hadi 4, daktari anaweza kuongeza kipimo, hata hadi mara 4 ya kile cha kawaida. Ongezeko hilo huamuliwa na daktari. Mgonjwa asijiongezee nyumbani.

Daraja linalofuata ni sindano ya omalizumabu, inayodungwa kila baada ya wiki 4. Iliidhinishwa kwa urtikaria sugu nchini Marekani mwaka 2014 na imewasaidia wengi ambao vidonge vilishindwa. Bei yake ni kikwazo kikubwa, na huandikwa na daktari bingwa.

Vile vidonge vilivyomponya mwendeshaji kwa siku tano huenda vilikuwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi. Hutuliza haraka, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa siku chache, chini ya usimamizi, ina nafasi yake. Ikitumiwa kwa miezi, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na kudhuru macho. Aliyeizoea kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kuugua vibaya, maana mwili umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Yeyote anayeinunua kila mwezi dukani bila karatasi asiikatize peke yake. Aende hospitali aelekezwe namna ya kuipunguza.

Ketotifeni kwenye mizani

Ketotifeni ilianza kutumiwa kama kinga ya pumu. Kwa seli za masti hufanya kazi mbili: huzuia histamini isifanye kazi yake, na hutuliza seli zisimwage akiba kwa urahisi. Miongozo ya kimataifa ya urtikaria haiiweki mbele. Madaktari huifikiria pale dawa za daraja la kwanza zinapopungukiwa, au pale dawa za juu zisipopatikana au zisipomudika.

Upande mmoja wa mizani kuna faida: mwasho kupungua, hasa wa usiku, na gharama iliyo mbali sana na ile ya sindano. Lakini faida hiyo haiji kesho. Huenda zikapita wiki kadhaa kabla nguvu yake yote haijaonekana.

Upande wa pili kuna usingizi, hasa wiki za mwanzo, kinywa kukauka, njaa kuongezeka na uzito kupanda. Pombe huongeza usingizi huo. Watoto wengine huwa na hasira au kukosa utulivu. Mwenye kifafa anapaswa kusema mapema, kwa kuwa dawa hii imewahi kuhusishwa na degedege. Anayemeza vidonge vya kisukari pia aseme, kwa kuwa mchanganyiko huo umewahi kushusha idadi ya chembe za kugandisha damu. Mama mjamzito au anayenyonyesha amweleze daktari kabla dawa haijaandikwa. Mwenye pumu asiache dawa zake za pumu kwa sababu ameanza ketotifeni.

Sasa dawa hiyo moja iwekwe mbele ya watu watatu.

Wa kwanza ni mwendeshaji wa bodaboda. Kwake usingizi si usumbufu mdogo. Ni uhai wake na wa abiria. Akiulizwa vizuri, itaonekana kwamba hajawahi kumeza setirizini kila siku kwa wiki mbili mfululizo. Ameruka daraja. Ana haki ya kurudi kwa aliyemwandikia na kuuliza kama wanaweza kuanzia hapo. Ikibidi atumie ketotifeni, aombe kuanza na kipimo kidogo usiku, na asipande pikipiki mpaka ajue inavyomfanya.

Wa pili ni mama muuza mboga sokoni, aliyekwisha kutumia dawa za kwanza ipasavyo na bado anaamka usiku kujikuna hadi damu. Haendeshi chombo, hana ugonjwa mwingine. Kwake usingizi wa dawa unaweza kuwa nafuu, na kilo mbili tatu za kuongezeka akazivumilia. Mizani yake inaelekea upande wa kujaribu.

Wa tatu ni mzee anayetumia vidonge vya kisukari. Uzito ukipanda, sukari nayo huwa ngumu kuizuia, na kuna lile onyo la damu. Daktari wake huenda akatafuta njia nyingine.

Dawa ni ileile na majibu ni matatu. Ndiyo maana maneno ya jirani, hata yakiwa ya kweli, hayatoshi. Jirani anaeleza mizani yake.

Siku ya kuamua

Mgonjwa aingie chumba cha daktari na maswali haya: Dawa hii inatibu nini hasa? Nitarajie nafuu baada ya muda gani? Madhara gani yananihusu mimi, kwa kazi yangu na magonjwa yangu? Nikiisahau au nikitaka kuiacha, nifanye nini? Tutaamua lini kama imefaulu au imeshindwa?

Swali la mwisho ndilo husahauliwa zaidi. Dawa isiyo na tarehe ya kupimwa huendelea kumezwa kwa mazoea. Daftari la shilingi chache linatosha: kila jioni mgonjwa aandike idadi ya mabaka, mwasho kwa kiwango cha 0 hadi 3, jinsi alivyolala, na kama alisinzia mchana. Picha za mabaka kwenye simu husaidia pia, kwa sababu mara nyingi ngozi huwa safi siku ya kliniki. Mwezi ukiisha, daftari litasema ukweli ambao kumbukumbu huupinda.

Mgonjwa abebe dawa zake zote, pamoja na za mitishamba, na kumwonyesha mfamasia. Dawa za karatasi ya daktari zinunuliwe kwenye duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Bodi hiyo hupokea pia ripoti za madhara ya dawa, na mhudumu wa afya anaweza kusaidia kuiandika. Kuhusu malipo, mgonjwa aulize mapema ni huduma zipi zinagharamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ili asianze tiba atakayoikatiza mwezi wa pili kwa kukosa pesa.

Hatari isiyongoja

Zipo dalili ambazo hazina muda wa kupima mizani. Ulimi au koo likivimba, sauti ikikwama, kifua kikibana, mtu akizirai, au mabaka yakija pamoja na kutapika na kizunguzungu baada ya kuumwa na nyuki, kula kitu au kumeza dawa, hiyo ni dharura. Dawa yake ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja. Ketotifeni, setirizini au Piriton haziwezi kushika nafasi yake. Mgonjwa alazwe chali miguu ikiwa juu, au aketi kama anahema kwa shida, na apelekwe mara moja kituo cha afya kilicho karibu. Asisimamishwe wala kupakiwa nyuma ya pikipiki kama njia nyingine ipo. Wafugaji wa nyuki wa Laikipia wenye ugonjwa wa seli za masti waseme kwa daktari kwamba wanafuga nyuki, kwa maana hatari yao ni kubwa zaidi.

Urtikaria sugu huchosha, lakini kwa wengi hutulia yenyewe baada ya miezi au miaka. Kwa hiyo dawa inayofaa leo huenda isihitajike mwaka ujao, na mgonjwa anayerudi kliniki hupata nafasi ya kupunguziwa. Asiyerudi huendelea kumeza.

Mwenye mabaka yanayorudi kwa zaidi ya wiki 6 azungumze na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, au afike kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo anaweza kuelekezwa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Nanyuki ikihitajika. Aje na daftari, aje na dawa zake, na aje na maswali.